Bomba Kwenye Pindo la Khanga

Juzi mama yangu alikuja na homa kwenye zahanati ninayofanyia kazi, Area D. Alikuwa na bomba la sindano alilonunua mwenyewe, kalifunga kwenye pindo la khanga.

Nikakumbuka alasiri moja ya utotoni kule Chang'ombe, enzi ambazo kila mgonjwa alikwenda zahanati na bomba lake. Spiriti ilinuka, mtoto mwingine alilia nyuma ya pazia, na malaria ilinigonga kichwani. Nesi alisema vidonge vinatosha.

"Vidonge vya nini?" mama akafoka. "Homa hii inataka sindano. Mchome."

Niling'ang'ania benchi. "Kinachoniuma ni kichwa! Dawa ya matakoni itafikaje huku juu?"

Nesi alicheka mpaka akakaa. Sikujua kwamba damu huifikisha dawa kila mahali. Nilijua tu kwamba sichomwi. Nikavinyakua vile vidonge, nikavitafuna bila maji, vichungu ajabu, huku nimemkazia mama macho. Nilipona.

Juzi nilipomaliza kumpima, nikamwekea vidonge kiganjani.

"Sindano hapana, mama."

Akavitafuna bila maji, macho kanikazia mimi.