Sindano ya Baba Mdogo

Msusi alisifika kwa kusuka watoto. Hata wale wasumbufu wa kupindukia walitulia mapajani pake. Binti yake mwenyewe, wa miaka mitatu, walimwita Chiriku kwa jinsi asivyoishiwa maneno. Siku moja anamsuka, kichwa cha mtoto kimeinuliwa, ndipo akakiona: kijivimbe kama punje ya kunde, katikati ya koo. Chiriku akimeza, kinapanda. Akitoa ulimi, kinapanda vilevile.

Daktari wa upasuaji alikibonyeza taratibu. "Huu ni mfuko wa maji, mama. Amezaliwa nao. Si wa kufa na kupona, lakini dawa yake ni kuutoa. Tutampangia siku ya upasuaji. Ila msiukande, wala msiutoboe."

Nyumbani, mama mkwe alishika kiuno. "Mtoto mdogo vile akachinjwe shingo? Kwetu hajazaliwa mtu na kitu kama hicho. Labda huko kwenu."

Mume, fundi umeme, mbele ya mama yake hakuwa na kauli. "Tusubiri kidogo," akasema.

Wakasubiri, hata zamu ya mtoto hospitalini ikapita. Jioni moja msusi alirudi kutoka saluni akamkuta Chiriku amejikunyata kitandani, plasta shingoni. Shemeji yake, mdogo wa mumewe, muuzaji wa duka la dawa, alikuwa amekitoboa kwa sindano akavuta maji. Aliyemshika mtoto mikono ni baba yake.

"Si unaona? Kimeisha," mume alisema. "Hakuna kisu wala nini."

Haikuchukua siku nyingi shingo ikaumuka, ikawa ya moto. Chiriku akashindwa kumeza hata mate. Akitaka kitu, alinyoosha kidole tu.

Walimkimbiza hospitali, wakampata daktari yuleyule. "Nani kautoboa?"

Msusi alimgeukia mumewe. Mume aliangalia viatu vyake, kisha akasema, "Mama yake ndiye anayeshinda naye, daktari."

Akasemwa msusi, mbele ya wauguzi na wagonjwa, akasemwa mpaka masikio yakamwaka. Angeweza kujibu. Lakini mtoto alikuwa kifuani pake anahema kwa tabu, na hakutaka daktari aache kazi aamue ugomvi wa mke na mume.

Usaha ulitolewa, zikafuata dawa, kisha miezi ya kungoja shingo ipoe. Siku ya upasuaji madaktari walichukua muda mrefu, maana nyama zilikuwa zimegandana. Mfuko ulitolewa pamoja na mzizi wake na kipande cha mfupa ulioko chini ya ulimi.

"Umetoka wote," daktari alisema. "Kovu tu ndilo limekuwa kubwa kuliko ilivyostahili." Alimtazama msusi.

Chiriku aliporudi nyumbani, mama mkwe alipokea wageni sebuleni. "Damu yetu ngumu hii!" Shemeji naye akapewa pole na hongera. Msusi alikuwa jikoni anapoza uji. Mume akamfuata.

"Mke wangu, mtoto mzima. Tuyasahau."

"Nenda kwanza kamwambie daktari ukweli."

"Sasa nikamwambie nini? Si yameshapita?"

Alimpita na bakuli lake.

Mume hakwenda. Kila wanaporudi kuangaliwa kovu, ana kazi. Daktari humtania Chiriku, hucheka naye. Halafu humgeukia mama, akamweleza namna ya kupaka dawa, polepole, mara mbili, kama mtu asiyeaminika.

"Sawa, daktari," msusi hujibu.