Mjomba Alipokatazwa Kusema

Mjomba wangu alikuwa na banda la video Sumbawanga, kando ya barabara iendayo Pito, na kwa miaka mingi watu hawakuja pale kutazama filamu. Walikuja kumsikiliza yeye. Filamu ilikuwa ya Kichina au ya Kihindi, Mjomba alikaa pembeni ya runinga na maiki yake, akaigeuza yote kuwa Kiswahili, na palipobana akachomeka Kifipa. Kichina chenyewe hakujua hata cha kuombea maji. Jambazi akitoa macho na kutishia kuua, kwa Mjomba alikuwa anadai mahindi yake yaliyoliwa na ng'ombe wa jirani, na humo bandani wakulima na wafugaji walicheka pamoja, jambo ambalo huko mashambani si la kila siku.

Mimi nilikaa mlangoni, nikipokea viingilio na kuendesha deki. Nilikuwa nimemaliza shule, kazi sina, na mdomo wangu mrefu ulimfaa Mjomba kwa wale waliotaka kuingia bure kwa kisingizio cha undugu. Jumapili baada ya Misa, Sumbawanga nzima ilikuwa ndugu zetu.

Msimu mmoja wa baridi sauti yake ikaanza kukwaruza. Spika zilikuwa mbovu, naye akawa anashindana nazo kwa kupiga kelele, mpaka asubuhi moja akafungua kinywa kumsalimia mkewe kikatoka kitu kama mlango unaolia. Daktari alimwambia anyamaze kabisa, hata kunong'ona asinong'one, mpaka atakapomruhusu. Akiendelea kusema, sauti itakwenda na haitarudi. Mjomba alirudi nyumbani, akaketi jikoni karibu na moto, akalia bila sauti. Niliumia sana kumwona. Alikuwa mtu wa maneno tangu kuzaliwa, na sasa aliamini kwamba bila sauti yeye si chochote, na banda lake ni mabati na mabenchi tu.

Katika boksi la diski za zamani nikakuta filamu isiyo na rangi ya bwana mmoja ambaye hasemi. Nikajiona nina akili kupita kiasi. Mtu asiyesema hahitaji mtafsiri, kwa hiyo banda litafunguliwa na Mjomba atapumzisha koo. Sikuwa nimewaza habari ya wateja.

Jumapili wakaja wengi, akina mama na nguo zao za kanisani, vijana wa mjini, na mfugaji mmoja aliyehamia kwetu kutoka Usukumani, ambaye hakuachana na fimbo yake hata akiwa amekaa. Filamu ikaanza. Bwana mwembamba, koti limembana, anataka kupandisha kitanda cha chuma ghorofani peke yake. Hawajatazama sana, manung'uniko yakaanza.

"Dada, mbona huyu hatafsiriwi?" akauliza mfugaji.

"Hasemi, baba. Hakuna cha kutafsiri."

"Hata wale Wachina hatukujua wanasema nini. Sisi tumelipia tafsiri."

"Kweli kabisa," vijana wakaunga mkono. "Mzee yuko pale, kwa nini anatubania?"

Mjomba alikuwa kwenye kona yake, skafu ya mkewe shingoni, na nikaona mkono wake unaitafuta maiki. Niliruka mabenchi mawili nikaishika. Akavuta, nikavuta. Akafungua kinywa, na neno moja tu lingeweza kuwa la mwisho.

"Mjomba, ukisema nazima deki," nikamwambia.

Akaniachia maiki. Kwenye runinga, askari alikuwa ametokea, na yule bwana, kitanda kikiwa kichwani, akataka kuvua kofia kwa heshima. Mjomba akainuka akaenda kusimama mbele ya watu. Akajitwisha kitanda ambacho hakikuwepo, akachuchumaa nacho taratibu, halafu akapiga makofi ya polepole, viganja vimekunjwa kidogo, kama tunavyowasalimia wakubwa vijijini kwetu Ufipa. Alipokumbuka kwamba kitanda hakina mkono wa kukishika, kikamwangukia.

Kisha bibi mmoja wa mbele akasema, "Mtoto kalelewa huyu, kasalimia kwanza," na watu wakaangua kicheko mpaka mabati yakalia.

Baada ya hapo hakuna aliyemzuia. Bwana wa kwenye filamu akimkwepa mwenye nyumba, Mjomba alitembea kama muumini anayepita mbele ya padre baada ya kukosa Misa mwezi mzima. Mlango ukimpiga yule, Mjomba naye alipigwa. Mfugaji alicheka hadi fimbo ikamponyoka, Mjomba akaikanyaga, akaenda chini kwelikweli katikati ya akina mama. Nikadhani kavunjika. Akainuka, akapangusa kofia ambayo hakuwa nayo, akaivaa, akaendelea na kazi. Mimi si mtu wa kucheka ovyo, lakini siku ile nilicheka mpaka mbavu zikauma.

Nimewapenda mabwana wa namna ile tangu hapo. Vitu vyote duniani vimekula njama dhidi yao, ngazi, milango, viti, na bado hawalalamiki wala hawaachi kusalimia watu. Bibi asiyejua Kiswahili vizuri anawaelewa sawasawa na mwalimu. Tulizitafuta filamu zao kila mahali, na mchuuzi wa samaki wa Kasanga akatuletea moja kwenye flashi, anasema imevuka ziwa kutoka Kongo.

Baridi ilipokwisha daktari akamruhusu kusema. Sauti iliyorudi ilikuwa nyembamba, ya kukwaruza, na ilichoka haraka. Mjomba aliizoeza uani asubuhi, kuku wakimsikiliza. Jumapili nikamwekea filamu ya Kichina, akakaa kwenye kona yake, akashika maiki, akaanza.

Watu walimsikiliza kwa adabu, na adabu hiyo ndiyo iliyoniumiza. Hakuna aliyecheka. Naye alijisikia mwenyewe, akakatisha sentensi, maiki ikashuka taratibu hadi magotini. Nilitamani kuzima umeme, watu wadhani umekatika.

Mfugaji akakohoa. "Mzee," akasema kwa upole, "sisi tunaomba uiweke chini hiyo. Simama ututafsirie."

Mjomba akanitazama, kama anayeuliza kama ni dhihaka. Lakini watu wa mbele walikuwa wameshainuka, wanasogeza mabenchi nyuma, wampe nafasi ya kuanguka.