Ukifika Maretadu kunywa maziwa ya kibuyu, ila kibuyu chenyewe usikioshe kwa sabuni

Wakuu, nawasalimu wote, wakubwa shikamooni.

Haya yametokea nyumbani kwetu. Wahusika wapo, wana simu, na mmoja wao anasoma humu bila kuchangia. Kwa hiyo hata nikitaka kuongeza chumvi nitaumbuka.

Watu wakipanga safari huwa wanauliza hoteli na vivutio. Mimi naomba niwapeleke jikoni kwa mama yangu, Maretadu, wilaya ya Mbulu, mahali ambapo nilikaribia kukosa mke kwa sababu ya usafi.

Mchumba wangu anaitwa Veneranda, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe. Tulikutana Mwanza kwenye kikundi cha kusomeana hadithi. Baba yangu alishafariki, hivyo neno la mwisho kuhusu ndoa lilikuwa la mama.

Mama alisema hivi kwenye simu: "Mlete ale kwangu. Nikishamwona anakula, nitakupa jibu."

Basi tukaenda. Kutoka Mbulu mjini tulichukua bodaboda, ukungu umelala juu ya mahindi, Vene amejifunga kitenge mpaka masikioni. Kwao baridi ya namna hiyo hawaijui.

Mama alituwekea ugali wa mahindi uliochanganywa na mtama, wa rangi ya udongo uliolowa, na bakuli la maziwa ya mgando kutoka kwenye kibuyu.

Wakuu, hayo maziwa.

Ni mazito, yanateleza taratibu, na ndani yake kuna vidoti vyeusi vya mkaa. Ukiyaweka mdomoni unakutana kwanza na uchachu, halafu moshi, halafu kitu fulani kitamu kinachokuja kimechelewa, kama mtu mwenye aibu. Nimeishi mjini miaka mingi na sijawahi kuonja mtindi wa dukani wenye habari ndefu hivyo.

Vene alimaliza bakuli, akaomba lingine. Mama akaniangalia, akamwongezea mpaka juu. Baadaye zikaja kande za maharage mapya zilizotiwa samli. Nazo zikaisha. Nikajua jibu langu limeiva.

Asubuhi mama akaenda shambani. Mimi nilikuwa narekebisha mlango wa zizi. Vene, kwa moyo safi kabisa, akaamua kuosha vyombo vyote. Akakikuta kibuyu kimeisha maziwa, akachungulia ndani, akaona kweusi tii. Akatia sabuni ya unga, maji ya moto na kokoto, akatikisa mpaka povu likatoka jeupe.

Aliyemkuta ni shangazi yangu, ameolewa Masakta kule Hanang, alikuwa amekuja na asali ya kumpokea mgeni.

"Nani amekiogesha hiki kibuyu?"

"Shikamoo shangazi. Ni mimi. Kilikuwa kichafu ndani, nikadhani kimesahaulika."

"Kimesahaulika! Mama mkwe wako anakifukiza tangu alipoolewa, wewe unasema kimesahaulika!" Akanigeukia: "Baba, umetuletea mke au dobi?"

Kwa wasiojua: weusi ule ndio kibuyu chenyewe. Unachoma kijiti cha mzeituni pori, unakiingiza ndani kikiwa bado kaa la moto, unasugua, unakung'uta. Unarudia kila maziwa yakiisha. Moshi unayatunza maziwa, unayapa ladha, na kila nyumba ina ladha yake. Sabuni inaingia kwenye ngozi ya kibuyu na kukaa humo.

Mama aliporudi alikinusa mara moja.

"Kinanuka duka," akasema, akakitundika ukutani.

Mchana huo tulikula ugali na mboga za maboga. Maziwa hayakuwekwa mezani.

Mimi nikaona tumekwisha. Nikamwambia Vene kesho tuondoke, nitampigia mama mambo yakitulia.

"Wewe nenda kazini," akanijibu. "Mimi sitoki hapa kabla kibuyu hakijapokea maziwa."

Akamfuata mama jikoni. "Mama, naomba unifundishe."

"Moshi utakutoa machozi."

"Kwetu tunakausha samaki kwa moshi, mama. Machozi ya moshi nimekua nayo."

Shangazi akacheka mpaka akashika ukuta. Mama hakucheka, lakini alimsogezea kigoda.

Nikaondoka peke yangu. Huku nyuma, ninavyosimuliwa, walikiloweka, wakakianika, wakakifukiza. Maziwa ya kwanza wakammwagia mbwa, naye akayanusa akaenda zake. Wakafukiza tena. Na tena.

Kisha mama akapiga simu.

"Maziwa yamekubali," akasema.

Nilitaka kuuliza kuhusu ndoa, akaniwahi.

"Hivi huko kisiwani wanakula nini? Nitakapokuja na wajomba zako kuleta posa, sitaki nikae mezani nimekunja uso kama mgeni mkorofi."

Wakuu, ilibidi nikae chini. Mama yangu hajawahi kula samaki maisha yake yote. Wazee wengi wa kwetu samaki hawamhesabu chakula. Nikamsikia Vene kwa nyuma: "Mama, tutaanza na dagaa!"

"Dagaa wana macho mengi. Hapana."

"Basi sato, ana macho mawili tu."

"Huyo tutazungumza."

Nilichojifunza ni kwamba kula chakula cha watu ni hatua ndogo. Kubwa ni kukubali moshi wake ukuingie machoni. Kwa hiyo mkifika Mbulu ombeni maziwa ya kibuyu, ombeni kande zenye samli, na chombo mrudishe kama kilivyo.

Sasa wana Ukerewe mliomo humu, nawahitaji kweli. Mama anakuja kisiwani. Ugali wa muhogo najua atauweza. Lakini huyo sato wa kwanza wa maisha yake apikweje, achomwe au achemshwe, na kichwa kiondolewe kabla hajakiona?

Karibuni.