Mpira Ndani ya Eda

Felizarda Zacarias Nhampossa, binti wa Zacarias aliyechimba kisima cha Chitsune kwa jembe na mikono yake, mjukuu wa Nwafastela aliyejifungua porini vita vikipita na asitoe sauti: huyo ndiye ninayemwandika. Watu wa siku hizi wanamjua kama mjane aliyecheza na mbwa. Hawajui kitu.

Vita vilipokwisha kisima kilikuwa bado kina maji, ila nani angeyafuata? Askari walikuwa wamezika mabomu pande zote. Tukanywa maji ya dimbwi pamoja na ng'ombe, watoto wakaharisha, tukazika. Felizarda, ambaye alikuwa ameolewa hapahapa kwetu, akaenda kujifunza kuongoza mbwa wa kunusa baruti. Alirudi na kikosi cha wategua mabomu, na mbwa mmoja wa rangi ya mchanga, Vasco.

Mbwa yule hakufanya kazi kwa nyama. Alifanya kwa mpira wa kuchezea. Akinusa baruti huketi kimya. Felizarda humwita arudi kwenye ardhi iliyokwisha kusafishwa, humrushia mpira, hukimbizana naye, huvutana naye, humsifu kwa sauti ya juu kama mtu aliye harusini. Kwa mbwa, bomu ni mlango wa mchezo tu. Mchezo ukiwa baridi, haoni kwa nini ajisumbue kunusa.

Kilikuwa kimebaki kipande cha mwisho, cha kisimani penyewe, mumewe Armindo alipofuata mbuzi akavuka alama nyekundu za kuonya mabomu. Tulizika kilichopatikana.

Kwetu mjane huvaa nguo nyeusi mwaka mzima. Hacheki, hakimbii, hapazi sauti. Felizarda alirudi kazini kwa kuwa Vasco hakumsikiliza mtu mwingine, lakini alimrushia mpira kama anayetupa maganda ya muhogo. Mbwa akaanza kujilaza. Siku ya majaribio akapita juu ya bomu la mazoezi bila kuketi. Mkuu wa kikosi akasema wazi kwamba asipobadilika wiki ile, wanahamia mkoa mwingine, na kisima kitabaki kilivyo.

Felizarda akaenda kwa mama mkwe wake, Rosita, akapiga magoti, akaomba ruhusa ya kucheka kazini tu. Wifi yake, Celeste, alikuwa hapo akitwanga karanga. Akauliza kama huyo mbwa ameshatoa posa. Rosita hakucheka wala hakumtazama mkwewe.

"Mwanangu hajaoza, wewe unataka kucheka."

"Ni kwa ajili ya maji, mama."

"Maji nilishazoea kuyakosa. Mwana nilikuwa naye. Ukicheka, usikae tena kwenye mkeka wangu."

Kesho yake tulimwona. Amevaa nyeusi, anagaragara mchangani na mbwa, anacheka mpaka sauti inamkauka. Wanawake waliokuwa njiani na ndoo wakatema mate. Mimi nilisogea karibu kuliko wao, nikaona machozi yanavyomshuka hadi kidevuni. Vasco hakujali machozi. Alisikia ile sauti, akauvuta mpira, mkia ukamchezacheza.

Akafaulu majaribio. Kule kisimani aliketi mara nyingi, na kila alipoketi Felizarda alimlipa kwa kicheko. Mabomu yakatolewa. Siku kisima kilipofunguliwa Rosita alichota wa kwanza, ndiyo haki ya umri wake, akanywa, akaenda zake bila kumsalimu. Vyombo vya Felizarda vilikuwa vimeshatolewa nje ya ua.

Lori la kikosi lilipokuwa likipakiwa, alimwita Celeste. Akavua ile nguo nyeusi, akaikunja vizuri, akabaki na kanga aliyojifunga ndani.

"Wifi, mwaka haujaisha. Siwezi kumlilia Armindo huku nacheza, na huko tunakokwenda wanangoja visima vyao. Ivae wewe. Usicheke hadi mvua za mwakani, na kila asubuhi fagia kaburi."

Celeste akasema yeye ni dada, si mjane.

"Najua," Felizarda akajibu, akamwekea nguo mikononi. "Anza leo."