Kapsuli za Skola

Nilipokuwa mtoto, kwetu mtaa wa Izia kila koo lililouma lilikuwa na mshtakiwa mmoja tu: kimeo. Kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, bibi yangu alikisingizia kikohozi, homa, hata mtoto kukataa ugali wa ulezi.

Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara huria ilipofunguliwa, maduka ya dawa yakiota Sumbawanga kama uyoga. Mdogo wangu Skola, mwenye miaka sita, alivimba koo hata mate yakamshinda kumeza. Mama akampeleka zahanati, akarudi na kapsuli za siku kumi. Kesho yake mama alikuwa anateremka Kipili, ziwani, kufuata migebuka, samaki wa biashara yake, kwa hiyo dawa akaniachia mimi, niliyekuwa na miaka tisa.

"Mganga amesema amalize zote, hata akipona. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Siku ya tatu Skola alianza kumeza uji, lakini bibi hakutaka kubahatisha. Akamwita mzee mkata kimeo na kijichuma chake kilichopinda. Kichwa cha mdogo wangu nilikishika mimi. Alilia, akatema damu jivuni, na kesho yake akala ugali.

"Mnaona?" bibi akasema. "Ugonjwa wenyewe ndio ule tuliotupa."

Niliona. Sasa kapsuli za nini tena? Kuku wa bibi walikuwa na mafua, na mtaa mzima ulijua kapsuli huponya kuku. Nikazifungua moja moja, nikamimina unga kwenye maji yao, Skola akinishikia kopo. Bibi akanisifu kwamba nina akili. Kuku wakapona, hata tetea mwekundu niliyekwisha kumkatia tamaa.

Wiki tatu baadaye goti la Skola likavimba. Likapoa, likavimba la pili, kisha kiwiko. Bibi akasema ni kitu kimetumwa, kinatembea mwilini kikitafuta pa kukaa, akamfunga hirizi kiunoni. Watu tuliosoma tunamcheka bure. Kilitembea kweli, na pa kukaa kilipapata.

Skola alikuwa na miaka kumi na tisa, mjamzito, akihema kwa hatua kumi, daktari alipotueleza kwamba vali za moyo wake zimeharibika. Chanzo, alisema, huenda ni koo la utotoni lililotibiwa nusu. Akauliza kama dawa zilimalizwa.

Nilifungua kinywa. Skola akaniwahi.

"Nilikuwa nazitema," alisema. "Dada alinipa zote."

Hakutema hata moja.

Tulimzika kabla mwanawe hajaanza kutembea. Bibi nilimsamehe zamani, maana alifanya alichokijua. Mimi nilikuwa nimeambiwa, nikaitikia, na hilo linaniuma mpaka leo.

Mtoto nimemlea mimi. Koo likimuuma, nakaa mbele yake hadi ameze kapsuli ya mwisho, nikimkagua na chini ya ulimi.

"Mama mkubwa, si nimeshapona?" hunung'unika.

Namwambia ameze tu. Habari za kuku bado sijaweza kumsimulia.