Mtaro wa Kalondu

Kalondu wa Matinyani alichimba mtaro wa bomba miezi minne, mtoto mgongoni, pamoja na kina mama wenzake wa mwethya, kikundi cha kusaidiana kazi bila mshahara. Lilipokuja shirika jipya la maji la serikali, liliitisha baraza litusomee hesabu. Karani akasoma bila haya kwamba kontrakta amelipwa laki tatu kwa kuchimba mtaro ule.

Kalondu akasimama. “Bwana, huyo kontrakta ni nani? Miezi minne hatukumwona hata siku moja.”

Tulicheka. Karani hakucheka.

Jumatatu fundi wa shirika alikuja kukata maji ya bomba moja tu, la nyumbani kwa Kalondu. Hakuwa na jembe la kufukulia bomba. Akamwomba Kalondu lake, lile lile alilochimbia mtaro.