Shati Alilolifua Dobi

Dobi alikuwa na chumba kimoja cha mbele, meza ya pasi iliyotandikwa blanketi, na mwana mmoja. Mwana alijifunza kufoka mistari ya rapu humo humo, akigonga mapigo juu ya ndoo iliyopinduliwa, na baba mtu akimwambia, "Punguza, bwana, mashuka ya watu yanasikia." Basi hakuna aliyemfukuza. Alipofika miaka kumi na tisa alifunga begi mwenyewe, akaaga vizuri, akaenda kuutafuta muziki. Jina lake la jukwaani, Pasi Moto, alilitoa pale mezani, na dobi alilipenda kuliko lile alilompa yeye mwenyewe.

Miaka ikapita. Runinga ikaanzisha kipindi cha kuwafuata marapa majumbani na studio, wapendane na watukanane mbele ya kamera. Pasi Moto akachukuliwa. Lakini wenzake walikuwa na jela, na talaka, na ndugu wasiosalimiana. Yeye alikuwa na baba mpole, na baba mpole nani atamtazama? Akawaambia wenye kipindi kwamba baba alimfukuza akiwa na miaka kumi na minne.

Kamera zikaja kwa dobi. Kabla hazijawashwa, mwana akamvuta mzee nyuma ya kamba za nguo.

"Baba, sema tu ulinifukuza, halafu uniombe msamaha."

"Nilikufukuza lini, mwanangu?"

"Ni kipindi tu. Ukikataa, wananitoa. Kesho tunarekodi upande wako, nitasema mwenyewe kwamba niliongeza chumvi."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Dobi akasema. Mwongozaji, mama mmoja mkavu mwenye miwani, akamwambia, "Rudia, mzee, macho yako yanacheka." Mara ya tatu alilia kweli, kwa aibu ya kusema uongo na mvi zote zile, na kamera ikaona toba. Mwana akamkumbatia. Poda waliyompaka mwana usoni ikabaki kwenye shati jeupe la mzee, doa la ukubwa wa kiganja.

Sasa, dobi ni dobi. Nguo yenye doa hailali kwake. Alilifua, akalianika, asubuhi akalipiga pasi, akalivaa ili aambiwe ukweli wake akiwa safi.

Na mwana aliusema, tena bila kigugumizi. "Baba hakunifukuza. Nilidanganya." Dobi hakuwahi kusikia wimbo wa mwanawe mtamu kama huo. Ndipo mwongozaji alipolitazama shati, akashika kichwa.

"Mzee, doa liko wapi?"

"Nimelitoa," dobi akasema, kwa fahari ya fundi. "Lilikuwa bishi kweli."

"Mtazamaji anajua mmekumbatiana sasa hivi! Picha za jana na za leo haziungani."

"Basi nipakeni tena."

"Tutaona," mama yule akasema, akaanza kukunja nyaya. Tutaona ni kaburi la mambo mengi.

Kipindi kilipotoka, ya siku ya kwanza yalikuwemo yote, ya siku ya pili hata neno moja halikuwemo. Kesho yake asubuhi mke wa mwalimu, mteja wa miaka ishirini, akaja kuchukua mashuka yake yakiwa bado mabichi.

"Na hilo jina la Pasi Moto," akasema, "ulimchoma wapi yule mtoto?"

Dobi akabaki na mikono ya povu. "Shemeji, si unanijua?"

"Nilidhani nakujua. Umesema kwa kinywa chako mwenyewe, na machozi juu."

Hajaondoka vizuri, simu ikalia.

"Baba! Nchi nzima imelia! Sasa wanataka nije nikusamehe."

"Na ule ukweli wako?"

"Shati ndilo lilituangusha, Baba. Ungeliacha tu."

Dobi akatazama kamba zake. Nusu zilikuwa tupu.

"Njoo basi unisamehe," akasema. "Ila uniambie kwanza nilikufanya nini, maana watu wananiuliza na sina jibu."

"Usijali, Baba," mwana akasema kwa upole, kama mtu anayembembeleza mgonjwa. "Watakuandikia."